Mashavu Mekundu ya Neftalí

Kila asubuhi, jua likiwa bado halina nguvu ya kuyeyusha barafu iliyoganda ndooni, Rosmery Calsina alimfunga mdogo wake mgongoni kwa mbeleko ya mistari, akashika begi la shule, akatoka kupambana na upepo. Upepo wa mtaa wa Alto Ichu, pembezoni mwa mji wa Juliaca kwenye nyanda za juu, haukuwa upepo wa mchezo. Wazee walisema kwamba uliwahi kumpokonya padri kofia yake Jumapili moja, ukamrudishia Jumapili iliyofuata ikiwa imefuliwa. Rosmery hakuyasadiki yote hayo, lakini alikwisha jifunza kutembea ameinamisha kichwa kama fahali.

Mama yake, Doña Gumercinda, aliondoka mapema zaidi. Alikuwa muuza kuku sokoni: aliwachinja, akawanyonyoa kwa maji ya moto, akawatundika mbele ya kibanda chake. Penye kisu na maji yanayochemka hapamfai mtoto anayeanza kutembea. Kwa hiyo Yúver, ambaye hata miaka miwili hakuwa ametimiza, alisoma darasa la sita pamoja na dada yake.

Alikuwa mwanafunzi mbaya. Alikwisha kula chaki, na kipande kizima cha kusini mwa ramani, na kila somo la hesabu lilipoanza alilia. Hilo la mwisho wanafunzi wenzake walimwelewa.

Mwalimu Eleuterio alivumilia kadiri alivyoweza, halafu siku moja akamwita Rosmery kando.

"Binti yangu, mimi sina ugomvi na huyu bwana mdogo. Lakini mwalimu mkuu amesema mwisho ni mwezi huu. Kuanzia mwezi ujao uje peke yako. Ukishindwa, itabidi ubaki nyumbani, mwakani urudie darasa. Mtafutieni nafasi Wawa Wasi."

Wawa Wasi maana yake ni nyumba ya watoto wachanga. Hapo mama walezi waliwatunza watoto wadogo wa mtaa na kuwalisha, na gharama ilikuwa juu ya serikali. Tatizo ni kwamba nyumba ilikuwa ndogo na watoto wa Alto Ichu walikuwa wengi kama viazi. Mmoja akikua na kuondoka, kamati ya wazazi ilichagua wa kuingia, na sheria yao ilikuwa imeandikwa kwa rangi juu ya mlango ili asiwepo wa kusema hakuiona: ALIYE HATARINI ZAIDI HUTANGULIA.

Wiki hiyohiyo nafasi moja ilipatikana. Rosmery hakuwa na wasiwasi. Alikwenda kwa Doña Eulogia, mwenyekiti wa kamati, kama mtu anayekwenda kuchukua chake.

"Amepewa Neftalí," alisema Doña Eulogia, mlango akiwa ameufungua nusu tu.

"Neftalí yupi?"

"Kwani hapa tunao wangapi? Mjukuu wa Bibi Saturnina. Mdogo wako ni wa pili. Subirini."

"Lakini mama, Neftalí ana afya kuliko mimi."

Doña Eulogia alitazama kushoto, akatazama kulia, kama anayetaka kuvuka barabara. "Mengine hayasemwi mlangoni," alisema, na mlango ukafungwa.

Rosmery alibaki ameukodolea macho ule mlango. Kwa nini nusu? Na kule kutazama kushoto na kulia, alikuwa anamwogopa nani?

Katika nyanda zile za juu, jua na baridi humchapa mtoto usoni mpaka mashavu yakawa mekundu na kupasukapasuka. Watu wa Alto Ichu wakimwona mtoto wa namna hiyo husema, "Huyu ana damu ya kumwaga." Na mashavu ya Neftalí yaliwashinda wote. Ilisemekana dereva mmoja wa basi aliyaona kwa mbali akafunga breki, akidhani ni taa za barabarani. Yúver, kinyume chake, mama yake alimpaka mafuta ya mnyama aitwaye lama na kumfunika uso kwa shali, hivyo mashavu yake yalikuwa laini na hayana rangi. Akina mama sokoni walimwonea huruma. "Maskini, kapauka kama kiazi cha jana," walisema.

Siku ya pili yake Rosmery alimsimulia rafiki yake Delfina, aliyekuwa na masikio makubwa na mdomo usiopitwa na masikio.

"Mtoto mwekundu kama pilipili ndiye yuko hatarini?" Delfina akauliza. "Hatari gani, ya kupasuka?"

"Na mwenyekiti hakufungua mlango wote."

"Mlango nusu, ukweli nusu. Hapo kuna mtu amelainishwa, shoga. Lisemwalo lipo."

"Lakini hakuna aliyesema kitu."

"Basi tuseme sisi."

Jumatatu asubuhi Rosmery alijibanza nyuma ya rundo la matofali ya udongo lililokuwa mkabala na nyumba ya Doña Eulogia. Mgongoni Yúver alitulia, akitafuna ncha ya msuko wa dada yake. Haukupita muda, Bibi Saturnina akatokea. Alikuwa ametoka kuuza chai ya mitishamba kwa abiria wa mabasi ya alfajiri, bado amevaa aproni, na chini ya shali yake alificha kitu. Alipogonga mlango, shali ilifunuka kidogo, na Rosmery akaona mfuko mweusi uliofungwa fundo.

Mlango ukafunguka nusu. Mfuko ukaingia ndani.

"Usimwambie mtu," Bibi Saturnina alinong'ona.

"Nimwambie nani, mama? Nenda zako kwa amani."

Huko kwao, anayetaka kumlainisha mwenye cheo hatoi bahasha. Bahasha ni ya watu wa mjini. Mtu wa Alto Ichu humkaanga simbilisi, yule mnyama mdogo mnene anayefugwa jikoni, akamfunga vizuri na kumpeleka asubuhi chini ya shali. Jambo hilo kila mtu alilijua. Chini ya shali, asubuhi, mfuko uliofungwa fundo: kingekuwa nini kingine?

Jumanne alijibanza tena, na Bibi Saturnina akaja tena na mfuko mwingine. Simbilisi wa pili. Wakati wa kurudi, Rosmery alipita mbele ya nyumba ya bibi huyo. Neftalí alikuwa ameketi kizingitini, analamba ukuta wa udongo polepole, macho yake yamelegea. Hata ukuta anauchezea, alifikiri Rosmery. Ndiyo shibe hiyo.

Jioni alimweleza mama yake, aliyekuwa akikaanga damu ya kuku kwa vitunguu na majani ya nanaa. Damu haikuwa na wanunuzi wengi, kwa hiyo ilirudi nyumbani pamoja na maini, na wao wakaila karibu kila siku. Shuleni walimwita Rosmery "mla damu", na kila alipoisikia harufu ile alitamani mama yake angeuza mkate.

"Uliona kilichokuwa ndani?" mama yake aliuliza.

"Ndani sikuona. Lakini mama, chini ya shali, tena asubuhi..."

"Basi umeona mfuko. Mfuko si simbilisi."

Hata hivyo Doña Gumercinda alikoroga kikaango kwa muda mrefu, na Rosmery akajua kwamba shaka imemwingia na yeye. Shaka ni kama moshi wa jikoni. Huioni ilipopita, unashtukia tu nguo zote zinanuka.

Delfina hakungojea ushahidi zaidi. Bombani alimwambia muuza mikate kuhusu simbilisi wawili. Muuza mikate akapeleka habari hadi stendi, na huko simbilisi wakageuka kondoo. Kondoo yule akanenepa njiani, na kufikia Jumamosi ilikuwa inajulikana mtaa mzima kwamba Bibi Saturnina amempa mwenyekiti alpaka wawili, wanyama wa sufu wakubwa kuliko kondoo, wenye nyuzi za rangi masikioni. Hakuna aliyejiuliza alpaka wawili wanapitaje chini ya shali.

Bibi Saturnina alikuwa na ulimi mkali, na zamani akifika bombani lazima watu wacheke. Sasa alipofika, mazungumzo yalikatika. Alijaza ndoo yake, akaibeba, akaondoka. Rosmery alimwona na kujiambia, mwenye hatia hukaa kimya.

Jumapili wazazi walikutana katika ua wa Wawa Wasi. Nesi Yovana wa kituo cha afya alikuwepo pia, amekaa pembeni na mkoba wake. Doña Eulogia alisimama.

"Kuna maneno yanazunguka mtaani. Mwenye neno aliseme hapa."

Watu wakaanza kuchunguza viatu vyao. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Don Casiano seremala.

"Mimi nilisikia ni alpaka wawili," alisema. "Naulizia ngozi tu, kama zimebaki."

Watu walicheka, lakini Rosmery hakucheka. Bibi Saturnina alikuwa anapita nyuma ya umati akielekea alipokaa nesi, mjukuu mgongoni, na chini ya shali yake ulichungulia mfuko mweusi wenye fundo. Rosmery aliwaza mwisho wa mwezi, dawati lake likiwa tupu, na wenzake wakisonga mbele yeye akiwa nyumbani anafua nepi. Miguu yake ikainuka kabla hajaituma.

"Nafasi ile imenunuliwa," alisema. "Nimeona kwa macho yangu. Alipeleka simbilisi Jumatatu, akapeleka Jumanne, na leo anaye mwingine."

Akaushika mfuko.

"Achia, mtoto," alisema Bibi Saturnina. "Nakuambia kwa faida yako."

"Kama ni halali, mbona unauficha?"

Fundo likafunguka. Ndani ya mfuko mlikuwa na mfuko mwingine, na ndani ya huo mlikuwa na kikopo kidogo cha plastiki. Rosmery alifungua kifuniko. Upepo wa Alto Ichu, ambao asubuhi ile ulikuwa umepumzika, uliamka wakati huohuo na kuhakikisha kila mtu amepata sehemu yake.

Don Casiano alirudi nyuma hatua kadhaa, ameziba pua. "Simbilisi huyu," alisema, "amekwisha liwa mara moja."

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Rosmery alisimama na kile kikopo mkononi, hajui akitupe au akishike, huku masikio yake yakiwaka moto. Kisha kicheko kikapungua, kikafa, kwa sababu Bibi Saturnina hakucheka. Alikuwa anajifunga shali upya, na mikono yake haikulipata fundo.

Nesi Yovana akaja, akachukua kikopo taratibu, akakifunika.

"Hiki nilikiomba mimi," alisema. "Ni choo cha mtoto, tunatafuta minyoo. Sampuli mbili za mwanzo Doña Eulogia alinipokelea. Ya tatu mtoto mwenyewe alituringia mpaka leo." Akamgeukia bibi. "Niseme na mengine, bibi?"

"Sema, mwanangu. Mfuko wameshaufungua. Wamalizie."

"Damu ya Neftalí imepungua sana. Ndiyo maana analala hata akiwa ameketi. Ndiyo maana anakula udongo wa ukuta. Mwili unatafuta kile unachokosa."

Rosmery aliukumbuka ule ulimi mdogo ukutani, na yale macho yaliyolegea.

"Lakini mashavu yake," alisema kwa sauti ndogo.

"Mashavu ni kazi ya jua na baridi. Damu haiangaliwi hapo." Nesi alimvuta Neftalí kidogo kope ya chini kwa kidole. Ndani palikuwa peupe kama ganda la yai. Kisha akaja nyuma ya Rosmery, akamvuta Yúver kope vilevile, na ndani palikuwa pekundu kama nyanya iliyokatwa. Mara ua mzima ukawa unavutana kope. Don Casiano alivutwa na mke wake mpaka machozi yakamtoka.

"Huyu aliyepauka mnamlisha nini?" nesi aliuliza.

Doña Gumercinda alitazama chini. "Damu ya kuku tu, mwanangu. Na maini. Vinavyobaki sokoni."

"Basi hivyo vinavyobaki ndivyo vinavyomlinda. Mama yake Neftalí yupo machimboni, na bibi humpa alicho nacho, mkate na chai. Na chai, mtoto akinywa pamoja na chakula, humzuia kupata faida ya chakula chenyewe. Hapa Wawa Wasi atakula vizuri, na dawa yake atainywa tukimwona. Kamati ilijua. Haikusema kwa sababu maradhi ya mtoto hayatangazwi bombani."

Ilikuwa zamu ya watu wazima kuchunguza tena viatu vyao. Lakini Bibi Saturnina alikuwa ameshampandisha mjukuu wake mgongoni vizuri.

"Nimechoka kutafunwa na majirani," alisema. "Nafasi yenu hiyo. Mpeni anayeililia." Akatoka bila kugeuka.

Doña Eulogia alishusha pumzi. "Kesho asubuhi asipomleta, anayefuata ni Yúver. Ndiyo utaratibu."

Njiani Delfina alimpiga Rosmery kiwiko. "Shoga, si tumeshinda?" Kile Rosmery alichokuwa anakitamani kilikuwa kimeanguka mapajani mwake chenyewe. Alichotakiwa kufanya ni kulala tu mpaka kesho. Yúver alikuwa anaimba upuuzi wake mgongoni, mzito, mwenye nguvu, damu tele. Kila hatua alizidi kuwa mzito.

Nyumbani mama yake alimtazama. "Haya. Unasemaje?"

"Nafasi si yetu, mama. Nitarudia darasa."

Doña Gumercinda aliwasha jiko, akakaanga damu na vitunguu na nanaa, akafunika kikaango kwa kitambaa na kumpa. "Usiende mikono mitupu."

Bibi Saturnina alifungua mlango nusu.

"Umekuja kukagua nini tena? Choo kiko kule nyuma."

"Bibi, nilishuku, nikasema, kisha nikafungua. Nisamehe. Mpeleke Neftalí kesho. Sisi hatutaichukua."

"Na hicho ulichofunika?"

"Fungua mwenyewe, bibi."

Pembe ya mdomo wa bibi ilicheza kidogo. Alifunua kitambaa, akanusa, akachota kidogo kwa mkate na kumpa mjukuu wake. Neftalí alitafuna, akafikiri, akapanua mdomo tena. Bibi akamtazama akila mpaka kikaango kikaonyesha chini.

"Sasa shule yako?"

"Mwakani."

Bibi Saturnina akaufungua mlango wote. "Ayni unaijua wewe?"

"Nani asiyeijua? Leo wewe umelima kwangu, kesho mimi nalima kwako."

"Basi sikiliza. Jua likipanda, mabasi yameshaondoka na mimi sina mteja. Kumwangalia mtoto naweza, nimewalea kumi. Kumtia damu huyu mmoja ndiko kulikonishinda. Mama yako anayo damu, mimi ninayo asubuhi. Niletee huyo mla ramani wenu." Akainua kidole. "Lakini kwanza utakwenda bombani. Ulikowapeleka alpaka wangu, kawarudishe mmoja mmoja."

Ndoo zilikuwa nyingi bombani Jumatatu ile, na masikio yalikuwa mengi kuliko ndoo. Rosmery alisimama mbele yao akasema wazi kwamba alishuku bila kujua, kwamba hapakuwa na simbilisi wala kondoo wala alpaka, na kwamba maneno yalianzia kwake. Delfina alijifanya anasuuza ndoo, kisha na yeye akaja kusimama kando yake. "Na kwangu," alisema, "hasa wale simbilisi wawili."

Halafu Rosmery alimwacha Yúver kwa Bibi Saturnina, akamfunga Neftalí kwa mbeleko ileile ya mistari na kumpeleka Wawa Wasi, kwa kuwa ilikuwa njiani kwenda shule. Doña Eulogia aliwafungulia mlango wote. Ikawa ndiyo kazi yake kila asubuhi. Mwalimu Eleuterio alilalamika kwamba somo la hesabu limekuwa kimya mno.

Majira ya mvua yalipofika, Neftalí alikuwa haketi tena. Alikimbiza kuku, akang'ata watu, na ukuta aliusahau. Nesi alimvuta kope, akatabasamu. Mashavu yalikuwa mekundu vilevile, lakini sasa hakuna aliyeyaamini.

Asubuhi moja Rosmery alimwona Bibi Saturnina akienda kwa mwenyekiti, na chini ya shali palikuwa na mfuko mweusi. Alisimama, akakuna kichwa.

"Bibi, samahani. Umebeba nini?"

Bibi aligeuka na kucheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Leo ni simbilisi kweli. Neftalí atakatwa nywele zake za kwanza Jumamosi, na Doña Eulogia ndiye mama yake wa ubatizo. Na wewe umealikwa, na mla ramani wako." Kisha akamshika bega. "Unaona, mwanangu? Shaka ikikaa jichoni, kila mfuko una simbilisi, na kila mtoto mwekundu ameshiba. Nafasi ya aliye hatarini hutolewa kwa kupima, haitolewi kwa kukisia. Na jambo la mtu usilolijua, muulize mwenyewe kwanza, kama ulivyoniuliza leo. Mfuko ukishafunguliwa mbele ya watu, fundo lake halirudi kama lilivyokuwa."

Akaendelea na safari yake, shali ikipepea. Upepo ulijaribu kumpokonya ule mfuko, lakini bibi aliushika kwa mikono miwili.